Kusaidia Shule za Vijijini Zinazofundisha Kitibeti: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nilisoma Mysuru, kusini mwa India, na mwenzangu wa chumbani alikuwa Mtibeti aliyezaliwa Bylakuppe, mwendo wa kilomita 80 na ushei kutoka chuoni. Nilifika kwao mara kadhaa. Unapanda basi la Kushalnagar, unashuka, unachukua bajaji, na baada ya dakika chache umezungukwa na mahindi. Ndiyo, mahindi. Watu waliotoka kwenye nyanda za juu kuliko zote duniani wamekuwa wakulima wa mahindi katika jimbo la Karnataka tangu miaka ya 1960. Katikati ya mashamba hayo kuna shule, na ndani ya shule hizo watoto wanasoma kwa lugha ambayo babu zao walivuka nayo Himalaya.

Tangu nirudi nyumbani, kila nikiigusa habari hii naulizwa maswali yaleyale: na walimu wenzangu, na watu wanaotaka kuchangia, na wengine wanaotaka ubishi tu. Majibu yangu ni haya.

Tibet ipi hasa?

Wengi wakisikia Tibet wanafikiria Lhasa na Mkoa Unaojiendesha wa Tibet, ambao China iliuunda mwaka 1965. Lakini zaidi ya nusu ya Watibeti walio China wanaishi nje ya mkoa huo, katika majimbo ya Qinghai, Sichuan, Gansu na Yunnan. Wenyewe wana mgawanyo wao wa kale: Ü-Tsang, Kham na Amdo. Sensa ya China ya mwaka 2020 iliwahesabu Watibeti kiasi cha milioni 7.

Nje ya China kuna makundi mawili, na watu huyachanganya. La kwanza ni wakimbizi walioondoka kuanzia 1959 pamoja na watoto na wajukuu wao. Hesabu iliyofanywa na utawala wao wa uhamishoni mwaka 2009 ilipata watu wapatao 128,000, na kati yao kama 94,000 walikuwa India. La pili ni wenyeji wa milimani ambao hawakukimbia popote: watu wa Dolpo na Mustang nchini Nepal, na Ladakh nchini India. Hao ni raia wa nchi zao tangu zamani, ila lugha yao, maandishi yao na dini yao ni za ukoo mmoja na Tibet. Ukimwita Mladakhi "mkimbizi wa Tibet" atakusahihisha hapohapo.

Kwa hiyo mtu akiniambia anataka kusaidia "shule ya Tibet kijijini", kwanza namuuliza: upande upi wa mlima?

Kwa nini vijijini? Si vyuo vikuu na makumbusho ndiyo huhifadhi utamaduni?

Makumbusho huhifadhi vitu. Lugha inakaa mahali inapofanya kazi, na Kitibeti kinafanya kazi zaidi kwa wafugaji na wakulima. Mfugaji wa Amdo ana maneno ya kumtaja yaki, ng'ombe wa nyandani mwenye manyoya marefu, kwa umri wake, kwa jinsia, kwa rangi na kwa umbo la pembe, sawa na Mmaasai na ng'ombe wake. Mtoto wa mfugaji anaingia shule akiwa na hazina hiyo kichwani. Mtoto wa mjini, hata wazazi wake wakiwa Watibeti wote wawili, mara nyingi amekulia kwenye Kichina cha dukani na cha runinga.

Shida ni kwamba shule za vijijini ndizo zilizopungua. Kulikuwa na shule ndogo za jamii, nyingine za hema zilizohama na mifugo, zikifundishwa na mwenyeji mwenye kisomo cha kiasi. Kuanzia 2001 China ilianza kuunganisha shule ndogo nchi nzima, na nyandani, ambako nyumba moja iko mbali na nyingine, kuunganisha maana yake ni bweni. Mtoto anatoka nyumbani akiwa na miaka sita au saba.

Je, Kitibeti kimepigwa marufuku China?

Hapana, na ndiyo maana jambo lenyewe ni gumu kulieleza kwa ufupi. Ibara ya 4 ya Katiba ya China inayapa makabila yote uhuru wa kutumia na kuendeleza lugha zao. Sheria ya mwaka 1984 ya maeneo yanayojiendesha inazungumzia kufundisha kwa lugha za wenyeji. Tangu 1982 kulikuwa na kamati ya pamoja ya mikoa yenye Watibeti, ikitunga vitabu vya kiada kwa Kitibeti. Kwa miaka mingi shule zilikuwa za aina mbili: zile zinazofundisha masomo yote kwa Kitibeti na Kichina kikawa somo, na zile zinazofundisha yote kwa Kichina na Kitibeti kikabaki kipindi kimoja kwenye ratiba.

Kilichotokea ni aina ya kwanza kumezwa na ya pili. Mwaka 2010 jimbo la Qinghai lilitangaza mpango wa kukifanya Kichina kuwa lugha kuu ya kufundishia. Oktoba ile wanafunzi wa Rebkong waliingia barabarani kwa maelfu, wakidai usawa wa lugha. Kuanzia vuli ya 2021 agizo la Kichina likashuka hadi shule za awali. Hapo ndipo mzizi unapoguswa, kwa sababu mtoto wa miaka minne hana lugha ya akiba.

Waliojaribu kuziba pengo nje ya mfumo nao wamebanwa. Mwishoni mwa 2018 wilaya ya Nangchen, hukohuko Qinghai, ilizikataza monasteri kuwafundisha watoto Kitibeti wakati wa likizo. Julai 2021 shule binafsi ya Sengdruk Taktse huko Golog ilifungwa. Julai 2024 ikafuata Ragya Sherig Norbuling, shule iliyoanzishwa mwaka 1994 na mtawa Ragya Jigme Gyaltsen, ambayo ilikuwa imetoa walimu, waandishi na wafanyabiashara wengi wa eneo lile. Halafu kuna Tashi Wangchuk, muuza duka wa Yushu. Huyu alitaka kufungua kesi mahakamani, kwa kutumia sheria za China hizohizo, ili Kitibeti kifundishwe ipasavyo. Alieleza hayo kwenye video ya New York Times mwaka 2015, akakamatwa Januari 2016, akahukumiwa miaka mitano kwa kosa la kuchochea utengano, na akatoka 2021.

Serikali ya China yenyewe inasemaje?

Inasema wazazi hawalazimishwi, kwamba watu wametawanyika mno hata isiwezekane kuwa na shule kila kijiji, na kwamba bila Kichina mtoto hatapata kazi. Hoja ya kazi usiicheke, wazazi wengi wa Kitibeti wanaikubali. Ni kweli pia kwamba kabla ya 1951, China ilipoichukua Tibet, elimu ya maandishi ilikuwa hasa ya watawa na ya familia za wakubwa, na mtoto wa mkulima wa kawaida hakuwa na shule. Wanaodai Kitibeti hawapingi Kichina kufundishwa. Wanachouliza ni kwa nini kimoja kiingie kwa kukitoa kingine.

Mbona shule za bweni zinalaumiwa China na kusifiwa India? Huo si unafiki?

Hili nililiulizwa mara ya kwanza na mwalimu mmoja wa Morogoro na sikuwa na jibu. Nimekaa nalo muda mrefu.

Tuanze India. Mwaka 1959 Dalai Lama, kiongozi wa kiroho wa Watibeti, alikimbia na maelfu wakamfuata. Wengi wao walipewa kazi ya kujenga barabara milimani, na watoto wakawa wanashinda kando ya barabara hizo, kwenye mahema, wagonjwa na wenye njaa. Tarehe 17 Mei 1960 watoto 51 kutoka kambi za Jammu walifikishwa Dharamshala, kaskazini mwa India, wakapokelewa na Tsering Dolma Takla, dada mkubwa wa Dalai Lama. Alipofariki mwaka 1964, mdogo wake Jetsun Pema alishika kazi hiyo na kuifanya hadi 2006. Hivyo ndivyo vilivyozaliwa Vijiji vya Watoto wa Tibet, ambavyo wengi huviita TCV. Miezi miwili kabla, Machi 1960, shule ya kwanza ya wakimbizi ilikuwa imefunguliwa Mussoorie ikiwa na wanafunzi 50, na Waziri Mkuu Nehru alikubali Watibeti wawe na shule zao badala ya kutawanywa kwenye shule za Kihindi. Ndani ya TCV watoto hukaa kwa nyumba, kila nyumba na mama mlezi wanayemwita Amala.

Mwenzangu wa chumbani alilelewa nusu hivyo. Kila mwaka, mavuno yakishaingia, wazazi wake walifunga mizigo ya sweta na kwenda kuziuza kando ya barabara za miji mikubwa, kazi ambayo familia nyingi za Bylakuppe huitegemea msimu wa baridi. Yeye alibaki bweni. Lakini lugha ya bwenini ilikuwa ileile ya bibi yake, na wimbo wa jioni ni uleule.

Sasa Qinghai au Lhasa. Mtoto anapewa chakula, malazi na masomo bila ada. Katika Mkoa wa Tibet utaratibu huo wa watoto wa wakulima na wafugaji umekuwepo tangu 1985. Hilo ni jema, nani atalikataa? Ila mlezi anaongea Kichina, tangazo la kipaza sauti ni la Kichina, na akirudi nyumbani baada ya wiki kadhaa mtoto anamjibu bibi kwa Kichina. Februari 2023 wataalamu watatu wa Umoja wa Mataifa walisema wana wasiwasi kuhusu watoto wa Kitibeti takriban milioni 1 walio kwenye mabweni ya namna hiyo. China ilikanusha.

Kwa hiyo mimi sihesabu vitanda. Ninauliza: mtoto akiamka usiku ana homa, anabembelezwa kwa lugha gani? Mzazi akitaka kumtoa, anaweza? Na kulikuwa na shule nyingine karibu na nyumbani ambayo angeweza kuichagua? TCV ya 1960 iliwapokea watoto ambao hawakuwa na nyumba. Mabweni ya nyandani yanawatoa watoto nyumbani kwao. Waliosoma wakivishwa kibao shingoni kwa kosa la kuongea lugha ya mama watakuwa wameshanielewa.

Kitibeti ni kigumu kweli, au walimu wanakifanya kigumu?

Vyote viwili. Herufi zenyewe ni 30, pamoja na alama 4 za irabu, na mapokeo yanasema zilitungwa karne ya 7 na Thonmi Sambhota, waziri wa mfalme Songtsen Gampo. Watoto huziimba kwa mistari: ka, kha, ga, nga. Mswahili ana bahati hapo. Ile "nga" ni ng' ya ng'ombe kabisa, inayowatesa Wazungu, na "nya" ni ny ya nyumba. Darasa la kwanza nilikokaribishwa Bylakuppe walinitega kwa herufi hizo mbili wakitarajia kucheka. Nilizitamka vizuri, wakakata tamaa, wakanitega kwa nyingine. Kwenye tofauti ya "ca" na "cha" niliumbuka.

Ugumu unakuja kwenye tahajia. Kiswahili tunaandika tunavyosema. Kitibeti kinaandikwa kama kilivyosemwa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Neno la "nane" lina herufi b, r, g, y na d, zimepandana kama vyungu, lakini Lhasa utasikia kitu kama "gye" tu. Kwa sababu hiyo mwanafunzi hutaja kila herufi kwa sauti na mahali ilipokaa, ya mbele, ya juu, ya chini, ya nyuma, kisha anatoa neno zima. Darasa la watoto 30 likifanya hivyo kwa pamoja ni kama kwaya inayofanya hesabu.

Faida ya ugumu huo ni kubwa. Mtu wa Amdo na mtu wa Lhasa wakizungumza wanaweza wasielewane hata kidogo, lakini wakiandikiana barua wanaelewana. Maandishi ndiyo yanayowashikilia pamoja. Ndiyo maana mtoto wa kijijini akikosa kusoma na kuandika, hata akiongea lahaja yake vizuri, amekatwa na Watibeti wengine wote.

Zamani walijifunzia mwandiko kwenye kibao kinachoitwa jangshing: ubao mweusi unanyunyiziwa unga mweupe, unapigwa mistari, na mtoto anachora herufi kwa kalamu ya mwanzi, weusi unajitokeza pale kalamu ilipopita. Ukikosea unanyunyiza tena. Hakuna karatasi iliyoharibika na hakuna wino wa kununua. Sioni kwa nini shule yoyote ya kijijini ingeacha kitu kama hicho.

Utamaduni unafundishwaje? Si ni dini tu?

Ubudha uko ndani ya kila kitu, ni kweli, lakini kinachofundishwa ni kipana zaidi: nyimbo na ngoma, kalenda na mwaka mpya wa Losar, historia, tiba ya asili, uchoraji wa thangka (picha za kidini kwenye kitambaa), adabu ya lugha. Adabu peke yake ni somo. Kuna maneno ya heshima kwa mkubwa na ya kawaida kwa rika, kuanzia kitenzi mpaka jina la kiungo cha mwili. Mwalimu haitwi kwa jina, ni "Gen-la", na hiyo "-la" ya heshima usiisahau.

Nilichokipenda zaidi ni mdahalo. Ulianzia kwenye monasteri ukahamia madarasani. Mmoja anakaa chini na kutetea hoja, mwingine anasimama na kumuuliza. Kila swali linafungwa kwa kupiga kofi kubwa huku mguu ukitua. Aliyekaa anatakiwa ajibu papo hapo. Shule ya Ragya ilijulikana kwa kuutumia mtindo huo hata kwenye masomo ya kisasa. Mtoto aliyezoea hivyo hakariri.

India, jamii nyingi za Watibeti huitenga Jumatano kuwa siku ya kuvaa nguo za kwao na kuongea lugha yao bila kuchanganya. Wanaiita Lhakar, na ilishika kasi baada ya maandamano ya 2008 Tibet. Mwenzangu alijitahidi mpaka saa nne asubuhi, hesabu za uhandisi zikamshinda kwa Kitibeti.

Na Ladakh na Dolpo, kuna nini cha kujifunza?

Mengi, na huko ndiko mchango mdogo unakoonekana.

Ladakh, watoto walikuwa wakifundishwa msingi kwa Kiurdu, kisha wakifika darasa la 9 wanageuziwa Kiingereza. Mtanzania hahitaji kuelezwa matokeo yake. Vitabu vilisimulia treni na mvua za masika kwa watoto wa jangwa la baridi. Mwaka 1988, asilimia 95 walifeli mtihani wa darasa la 10. Mwaka huohuo vijana waliokuwa wametoka chuo, akiwemo Sonam Wangchuk, walianzisha SECMOL, shirika la kurekebisha elimu, na 1994 wakaanza na serikali mpango wa kuunda kamati za elimu za vijiji na kuwapa walimu mafunzo upya. Kituo chao karibu na mji wa Leh kimejengwa kwa udongo na madirisha makubwa yanayotazama kusini. Nje baridi inashuka nyuzi 15 chini ya sifuri na zaidi, ndani wanasoma bila kuwasha jiko. Ugomvi wao mmoja haujaisha: waandike Kiladakhi kama kinavyosemwa, au Kitibeti cha vitabuni? Mtu wa Mvita aliyeambiwa Kiunguja ndicho sanifu anaujua ugomvi huo.

Dolpo ni juu zaidi, vijiji vya mita 4,000. Shule zinafunguliwa majira ya mchipuko na kufungwa theluji inapoanza kuziba njia. Hata katikati ya muhula husimama kwa wiki kadhaa, kwa sababu kijiji kizima, watoto wakiwa mbele kwa macho yao makali, kinapanda malishoni kutafuta yartsagunbu, kuvu inayoota kwenye mwili wa kiwavi na kuuzwa China kwa bei ya ajabu. Mfadhili anayeshangaa kwa nini "mahudhurio yameshuka Juni" hajafika Dolpo. Katiba ya Nepal ya 2015 inaipa kila jamii haki ya kusoma kwa lugha yake, lakini mwalimu anayelipwa na serikali na kupangiwa huko kutoka bondeni mara nyingi hajui lugha hiyo na havumilii baridi. Wazazi wengi huamua kuwapeleka watoto mabweni ya Kathmandu wakiwa wadogo sana. Wapo waliokaa zaidi ya miaka 10 bila kumwona mama. Wanarudi na vyeti, na inabidi watafute mkalimani ili waongee na mama huyo.

Nikitaka kuchangia, pesa yangu ifanye nini?

Ilipe mwalimu. Majengo yana wafadhili, kwa sababu jengo linapigwa picha na kubandikwa kibao. Mshahara wa mwalimu mwenyeji anayejua lugha na anayekubali kukaa kijijini mwaka mzima haupigwi picha, na ukikatika shule inakufa hata paa likiwa jipya.

Baada ya mwalimu, vitabu vya hadithi. Vya kiada vipo. Kinachokosekana ni kitabu chepesi, chenye picha, ambacho mtoto wa miaka saba atakisoma kwa raha bila kushikiwa fimbo. Maandishi mengi ya Kitibeti ni ya kidini au ya kisomi, na mtoto anaruka moja kwa moja kutoka alfabeti kwenda falsafa. Chapa za vitabu hivyo ni ndogo, kwa hiyo gharama ya nakala moja iko juu.

Tatu, mafunzo ya walimu. Chuo cha Sarah, karibu na Dharamshala, huandaa walimu wa lugha. Kumsomesha kijana wa kijijini huko kwa ahadi kwamba atarudi kufundisha kwao kunazaa kuliko kumleta mgeni.

Joto la darasani liko hapo pia. Mwalimu mwema kwenye chumba cha barafu anafundisha watoto walioficha mikono mifukoni.

Naweza kutuma pesa moja kwa moja kwa shule iliyoko Tibet?

Usijaribu kienyeji. Tangu Januari 2017 China ina sheria inayotaka mashirika ya nje yajisajili polisi na yawe na taasisi ya serikali inayoyadhamini. Ukituma pesa kwa mwalimu binafsi unaweza kumtia matatani kwa nia njema kabisa. Vilevile usiweke mtandaoni majina wala picha za walimu na watoto uliokutana nao huko. Kinachokuletea sifa wewe kinaweza kumletea mwenzako maswali kituoni.

India uliza jambo moja mapema: shule au taasisi ina kibali cha kupokea fedha za nje? Sheria yao inaitwa FCRA, na tangu irekebishwe mwaka 2020 fedha zote za nje lazima zipitie akaunti maalumu kwenye tawi moja la State Bank of India jijini New Delhi. Asiye na kibali akikwambia "tuma tu kwa jina langu", ukatae. Nepal, mashirika yanayopokea ufadhili wa nje hupitia Baraza la Ustawi wa Jamii.

Nimfadhili mtoto mmoja au shule nzima?

Mtoto mmoja anakupa barua na picha, moyo unaridhika. Lakini kijijini mtoto mmoja mwenye mfadhili na jirani yake asiye naye huleta maneno kwenye nyumba mbili zilizokuwa zinaazimana chumvi. Mimi ningependelea darasa au mwalimu. Ukiamua mtoto, basi mshike mpaka amalize. Kumwacha darasa la 6 kwa sababu umebadilisha kazi ni vibaya kuliko kutoanza.

Shule za India zinapungukiwa wanafunzi. Kwa nini ziendelee kusaidiwa?

Ni kweli zinapungua. Kabla ya 2008 watu kati ya 2,000 na 3,000 walikuwa wanavuka mpaka kila mwaka, wengi wakiwa watoto wanaotafuta shule. Ulinzi ulipokazwa, idadi ikashuka hadi mamia, kisha makumi. Na waliopo wanahamia Toronto, New York na Uswisi, ambako Kitibeti kinafundishwa Jumapili kwa saa mbili tatu. Shule kadhaa zimeunganishwa. Nyingine sasa zinapokea watoto wa Ladakh na wa milima ya Nepal, jambo ambalo mimi naliona ni heri.

Nguo, vitabu vya Kiingereza, kompyuta za zamani, vinahitajika?

Nguo hapana. Kumbuka wazazi wao wanauza sweta. Vitabu vya Kiingereza vimejaa kabatini. Kompyuta, kama ni nzima na kuna wa kuitengeneza, sawa, maana Kitibeti kimo kwenye Unicode, mfumo wa kimataifa wa herufi za kompyuta, tangu miaka ya 1990 na programu ya Monlam imerahisisha kukiandika. Timu hiyohiyo, chini ya mtawa Geshe Lobsang Monlam, ilitoa mwaka 2022 kamusi ya juzuu 223, na unaweza kuitafuta kwenye simu.

Naweza kwenda kujitolea kufundisha Kiingereza?

Kwa wiki mbili, hapana. Watoto wamechoka kujitambulisha kwa wageni. Ukiwa na miezi sita na ujuzi wa kuwafundisha walimu wenyewe, kama hesabu, sayansi kwa vifaa vya kuokota au uchapishaji wa vitabu vidogo, andikia shule mapema uwaulize wanahitaji nini. Usiende na jibu mkononi.

Nikiwa Mysuru au Bengaluru masomoni, naweza kutembelea Bylakuppe?

Mchana ndiyo. Monasteri ya Namdroling, wanayoiita hekalu la dhahabu, imefunguliwa kwa wote, na shuleni utapokewa ukiomba ruhusa ofisini kwanza. Kulala ni habari nyingine. Mgeni asiye raia wa India anatakiwa awe na kibali cha eneo lenye ulinzi maalumu, maarufu kama PAP, ndipo alale kwenye makazi ya Watibeti. Mimi sikulijua hilo. Safari ya kwanza nilibeba na shuka, nikaketi na bibi wa mwenzangu nikinywa chai ya siagi na chumvi, ambayo ukiifikiria kama supu inashuka vizuri. Saa kumi na mbili jioni, jirani akaja kuuliza kwa upole kama nina karatasi. Tulikimbizana na bajaji hadi Kushalnagar kuwahi basi. Omba kibali miezi kadhaa kabla, maana kinachukua muda, au panga chumba Kushalnagar, ambako huhitaji PAP, urudi asubuhi.